Fundi Remigius na Tangazo la Tatu

Katika kanisa letu majina ya wachumba husomwa Jumapili tatu mfululizo, na kila mara katekista huongeza maneno yale yale: anayejua kizuizi cha ndoa hii aseme. Kigango chetu kipo juu kidogo ya Rhotia, kwenye mashamba ya ngano na maharage ya ngwara, na kwa miaka yote niliyosali pale sikuwahi kuona mtu akisimama. Wanaume hukohoa, akina mama hurekebisha khanga, na katekista hufungua ukurasa mwingine. Lakini jina la Remigius Tluway liliposomwa mara ya pili pamoja na la Felista, binti wa Mzee Josephati, hakuna aliyekohoa. Niliona vichwa vikigeuka polepole, na havikugeuka kumtazama Remigius. Vilinigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mshenga.

Remigius nilimfundisha darasa la nne, nilipokuwa bado mwalimu. Alikuwa mtoto wa mjane, mkimya, mwenye mikono isiyotulia. Baadaye alisoma ufundi kwa mapadri, kisha akafungua gereji yake kando ya barabara iendayo geti la Ngorongoro, ambako magari ya watalii humletea springi zilizokatika na bushi zilizokwisha. Ana desturi moja ambayo madereva huisimulia mpaka Arusha. Kila kifaa kibovu anachokitoa kwenye gari hukifunga katika gazeti na kumkabidhi mwenyewe, ili asiwe na shaka kwamba kweli kimebadilishwa. Kanisani alisoma somo la kwanza mara moja kwa mwezi, taratibu, bila kumeza maneno. Pombe hakunywa. Kwa mambo hayo nilikwenda kwa Josephati nikiwa nimetulia, nikamwombea Remigius mke.

Kitu ambacho sikukisema kwa Josephati, kwa sababu nilikuwa nakijua nusu tu, ni muziki. Remigius alipiga gitaa la umeme katika bendi ya wanaume wanne, nao walipiga ule muziki mzito ambao vijana huuita metali, ambamo ngoma hukimbia kama mvua ya mawe juu ya bati na mwimbaji hanong'oni wala haimbi, bali hunguruma. Nilidhani ni mchezo wa ujana ambao ungekwisha wenyewe. Ulikuwa bado haujaisha alipotimiza miaka thelathini na moja.

Baada ya tangazo la kwanza watu walianza kuyakumbuka mambo. Mmoja alikumbuka fulana nyeusi zilizoanikwa kwenye kamba ya nguo nyuma ya gereji, sita kwa mpigo, zote na maandishi kama mizizi ya miti. Mama mmoja wa jumuiya yetu alikuwa amepita pale Alhamisi akasikia sauti ya mnyama kutoka ndani, na aliposimama mnyama akanyamaza. Wengine walisema ni pepo wa chemchemi waliomkamata akiwa mtoto. Nami niseme ukweli wangu: nilijaribu kumtetea, nikaona kila kitu chema nilichokitaja kinageuka ushahidi. Niliposema halewi, waliniuliza mtu anayekaa na walevi kila Jumamosi bila kulewa anafanya nini huko. Niliposema haikosi ibada, walisema wanaojificha ndio huwa hawakosi. Mwisho hata mimi nilianza kuyapima matendo yake kwa mizani ile, nikagundua kwamba hakuna zuri ambalo haliwezi kutiliwa shaka na mtu aliyekusudia.

Jumapili ile ya tangazo la pili Josephati alinifuata nje ya kanisa. Ni mtu mrefu, mkulima hodari, asiyeamini mizani ya mnunuzi wala saa ya mtu mwingine. Akatoa simu na kunionyesha bango lililokuwa limesambaa katika kundi la jumuiya. Bendi ilikuwa imesimama mbele ya ukuta wa matofali. Wanaume watatu walikuwa wamepakwa nyuso nyeupe na macho meusi kama mafuvu. Katikati yao alisimama Remigius, uso wake mtupu, kama alivyoumbwa.

"Mwalimu, waliopakwa ni wangapi?"

"Watatu."

"Na huyu mkwe uliyenitafutia, mbona hajapakwa?"

Nikamwambia huenda hakutaka tu.

"Wewe ulisoma na mapadri, lakini hapa hujasoma," akasema. "Wafuasi ndio hujificha nyuso. Asiyejificha ni mkubwa wao."

Kisha akaniwekea sharti. Jumamosi bendi ingepiga alasiri katika kambi moja ya watalii pale Karatu mjini. Niende nikaone kwa macho yangu. Nikirudi na neno la kumtuliza, atakaa kimya. Nisiporudi nalo, Jumapili katekista atakaposoma tangazo la tatu, atasimama yeye mwenyewe, baba wa binti, mbele ya wote.

Jumatano nilipita gereji kwa kisingizio cha bawaba ya mlango. Kutoka nyuma ya pazia la turubai niliisikia ile sauti, nzito, ya chini. Pazia likafunguka, akatoka Remigius akitabasamu, akifuta mikono, akaniamkia shikamoo kama siku zote. Nikamuuliza sauti ile huitoa wapi. Akanieleza bila kusita kwamba hutoka tumboni, kwani ukiitoa kooni utaumia ndani ya wiki moja. Jibu lilikuwa wazi mno. Nilirudi nyumbani nikijiuliza ni nani hujiandaa kwa jibu zuri namna ile kama hana cha kuficha.

Jumamosi nilifika kambini mapema, nikavuta kofia mpaka kwenye nyusi na kukaa nyuma ya jenereta, mahali ambapo ningeona bila kuonekana. Vijana walikuwa wachache, wamevaa nyeusi katika jua kali, na watalii kadhaa walikuwa wamevuta viti vyao. Nyuma ya lori lililobeba spika, hatua kumi kutoka nilipokaa, palizuka mabishano. Mratibu wa onyesho, mtu wa kutoka Arusha mwenye miwani ya jua, alikuwa ameshika kopo la rangi nyeupe na msalaba mkubwa wa mbao. Alitaka wote wapakwe, na msalaba utundikwe kichwa chini nyuma ya jukwaa, kwa kuwa wageni hupenda kupiga picha za namna hiyo.

Mpiga ngoma alikuwa Metui, Mmaasai wa Soitsambu, mwenye mabega mapana. Yeye alikataa kabla Remigius hajafungua kinywa. Alisema kwao nguo nyeusi na uso mweupe ni vya wavulana waliotoka kutahiriwa juzi, nao ndio husimama barabarani wakipigwa picha. Bango lile lilikuwa limefika mpaka kwa rika lake.

"Wameniuliza kama nimetahiriwa mara ya pili," akasema. "Mzee mmoja ameniletea maziwa ya kunitia nguvu. Sipakwi tena."

Waliokuwa karibu walicheka, hata mratibu, lakini msalaba hakuuweka chini. Adrian, mpiga gitaa la besi, alimsihi Remigius kwamba ni mapambo tu.

"Kama ni mapambo tu, kuyaondoa hakutakuumiza," akajibu Remigius. Hakupandisha sauti. "Huo msalaba ukigeuzwa, mimi na gitaa langu tunarudi gereji. Nyinyi pigeni, sitawakasirikia."

Mratibu aliwatazama vijana waliokuwa wameanza kupiga makofi ya kuwataka waanze, akautupa msalaba ndani ya lori. Ungetegemea kwamba hapo moyo wangu ungetulia. Haukutulia. Niliwaza kwamba pengine ameniona, na maneno yale yote yamesemwa kwa ajili ya masikio yangu nyuma ya jenereta.

Wakaanza. Sitajidai kwamba niliupenda. Kifua kilitetemeka, meno yakatetemeka, na nyimbo mbili za kwanza sikuzitenganisha. Katika wimbo wa tatu Remigius alisogea mbele ya kipaza sauti, ngoma zikapungua, naye akaanza kunguruma, na nilihitaji kitambo kutambua kwamba anasema Kiiraqw. Ilikuwa slufay, ile sala yetu ambayo mzee mmoja huiongoza kwa kuomba mvua, afya na amani, na waliokaa huitikia kila mstari kwa pamoja. Ila yeye hakuomba mvua. Alimwuliza Mungu kuhusu mdogo wake, ambaye lori lake lilipinduka katika ukungu wa ukingo wa kreta, na sisi sote tulimzika. Mstari kwa mstari alimwuliza, kwa sauti ambayo nimeisikia makaburini kwa wanaume watu wazima, na hakuna siku tuliyosema kwamba wana mapepo.

Hapo nikafanya kosa. Mtu aliyekulia katika slufay hawezi kuacha mstari uanguke chini bila kuitikiwa. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe, nikaitikia, kwa sauti kubwa, peke yangu, kutoka nyuma ya jenereta. Watalii wakageuka. Vijana wakageuka. Remigius aliinua macho, akaiona kofia yangu, akainamisha kichwa kidogo kama anavyofanya mbele ya wazee, kisha akaendelea na mstari uliofuata. Hata alipojua kwamba nipo, sikuona kilichobadilika. Nami niliitikia mpaka mwisho, kwa kuwa kuishia katikati kungekuwa aibu kubwa zaidi.

Walipomaliza, wenzake waliletewa bia, yeye akaletewa soda, wala hakuna aliyemshangaa. Akaja nilipo.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu."

"Milele, amina."

"Mzee Josephati kakutuma?"

Nikakiri.

"Ungeniambia. Ningekuwekea kiti mbali na spika."

Jioni ile nilimweleza Josephati yote, hata lile la kuitikia. Alinisikiliza hadi mwisho. Aliuliza jambo moja tu: kabla sijaitikia, kijana alijua kwamba nipo? Nikasema sidhani. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema sasa wamenipata na mimi, mzee mzima, kwa wimbo mmoja. Neno langu halikuwa na uzito tena. Akaagiza Remigius aletwe kwake Jumapili alfajiri, kabla ya ibada.

Ukungu ulikuwa bado umeilalia migomba tulipoingia uani kwake. Felista alituletea chai, akaambiwa aende jikoni, akaenda mpaka mlangoni na kusimama hapo. Josephati hakuzunguka.

"Sema mbele ya mshenga wako kwamba umeuacha huo muziki. Ukisema hivyo, leo nakaa kimya kanisani."

Ni sentensi moja tu iliyotakiwa. Nami niliyewafundisha watoto wa watu amri za Mungu kwa miaka thelathini niliinama, nikamnong'oneza Remigius, "Sema tu, mwanangu. Mengine tutayaona baadaye."

Alinitazama, na macho yale siyasahau. Hayakuwa na hasira.

"Siwezi, Baba," akamwambia Josephati. "Nikisema leo nimeuacha, Jumamosi nitakuwa mwongo."

"Kwa hiyo unachagua kelele, unamwacha binti yangu."

"Namchagua Felista. Ndiyo maana sitaki aingie nyumbani kwangu kwa uongo. Nikiwa jukwaani ni mimi, na nikisoma somo ni mimi. Ukikuta siku moja ni watu wawili, njoo umchukue binti yako."

"Hata hayo maneno ya Kiiraqw yalikuwa na makosa," Felista akasema kutoka mlangoni. "Nilimsahihishia mimi."

Baba yake hakumgeukia. Aliitazama chai yake mpaka ikapoa, nami nikaanza kufikiri jinsi nitakavyorudisha ujumbe kwa mjane, mama yake Remigius, na kwamba sijawahi kushindwa posa hata moja.

"Nina wakwe wawili," Josephati akasema hatimaye. "Wote walikaa kwenye kigoda hicho wakaniahidi kuacha pombe. Wa kwanza aliniahidi akiwa ananuka. Wewe ndiye wa kwanza kuninyima ahadi." Akasimama na kuchukua kofia yake. "Twende. Tutachelewa ibada."

Hakusema zaidi, na njia nzima sikujua atafanya nini. Katekista Emilian aliyasoma majina. Alipofika kwenye maneno ya kizuizi aliinua macho, akamtazama Josephati kwenye benchi la pili. Josephati alishika benchi la mbele yake kwa mikono miwili. Kanisa lote lilisubiri. Kisha mtu mmoja akakohoa, mama mmoja akarekebisha khanga yake, na Emilian akafungua ukurasa mwingine. Nje, Josephati alinipita bila kunipa mkono. "Sijaridhika," alisema. "Nimekaa tu."

Huu ni mwaka wa tatu wa ndoa ile. Remigius bado anasoma somo la kwanza na bado anapanda jukwaani, na jumuiya yetu bado ina wanaonong'ona. Mwezi uliopita nilimkuta Josephati ameegemea ukuta wa nje wa gereji wakati wa mazoezi, sikio lake kwenye bati, na uso wa mtu anayekagua mahindi kama yameingiwa na dumuzi. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Uongo," akasema. "Bado sijaupata."