Mama Mkwe Wawili Mlangoni

Wakati wa Wabelgiji mume wangu alikuwa fundi wa kushona hapa Kasongo. Alikuwa mtu wa haya, Mwislamu ambaye hata kunusa pombe hajawahi. Nalisema hilo mapema ili mjue aibu ya asubuhi ile ilikuwa kubwa kiasi gani.

Tulikuwa tunakunywa chai. Akamimina, chai yote ikaenda mkekani. Nikacheka.

"Usicheke. Vikombe iko mbili, sijui ya kweli ni gani."

Nikacheka zaidi. Hapo mama yangu akabisha hodi. Alikuwa amefika kutoka Wamaza, miguu imejaa vumbi, kuku kwapani. Mume wangu akainuka, akainamisha uso kama mkwe anavyopaswa. "Jambo, mama." Kisha akageuka kidogo, akaiinamia nguzo ya mlango. "Na wewe pia, mama, jambo. Asante kwa kuku mbili." Baadaye alinieleza kwamba heri kumsalimu asiyekuwepo kuliko kumruka aliyepo.

"Kuku iko moja," mama akasema. Akamsogelea, akamnusa mdomo. Mama mkwe, kumnusa mkwe wake! Hakukuta kitu ila chai. Mume wangu kwa kuhangaika akafumba jicho moja, akapiga kelele, "Mama mumoja amepotea!"

"Mutoto wangu!" mama akaniita. "Bwana yako ananikonyeza!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini nilipomwangalia vizuri, niliona jicho lake la kushoto limevutwa kuelekea puani, na mkono ameuweka kichwani. Kicheko kikanikauka. Yeye akasema atapumzika tu, jioni itakuwa imepita. Mama akajibu kwamba hatalala nyumba moja na mkwe anayemwona mara mbili. Tukamwongoza njia nzima hadi dispansari, mimi huku, mama kule, kuku bado kwapani.

Munganga, yaani muuguzi wetu mweusi, akamwinulia kidole kimoja.

"Mbili."

Akamfunika jicho la kulia, kidole kikawa kimoja. Akamfunika la kushoto, kikawa kimoja vilevile. "Kila jicho peke yake iko muzuri," akasema. "Ila macho haitembei tena pamoja." Akamwambia azungumze, ameze maji, akaze mikono yote miwili, akaangalia kama kope imelegea. Kisha akauliza, "Ulipigwa kichwa?"

Mume wangu akatazama kuku. Ndipo akakiri kwamba juzi, njia ya Lusangi, alianguka na baiskeli akimkwepa mbuzi, kichwa kikagonga jiwe. Alinyamaza kwa sababu wanawake waliokuwa wakipalilia muhogo walimwona.

Munganga akakasirika kweli. "Ukianza kuona mbili ghafula, usingojee jioni, hata kama haiumi. Na kama umepigwa kichwa, ao kichwa kinauma, ao ulimi unakuwa muzito, ao mukono unalegea, unakuja mbiombio!"

Siku hiyohiyo alipelekwa kwa daktari Mzungu hospitalini, wakamlaza na kumchunga siku kadhaa. Damu haikuvuja kichwani, Mungu alisaidia. Ni mshipa wa jicho tu uliokuwa umeshtuka. Wakamfunika jicho kwa kitambaa, leo hili, kesho lile. Baiskeli akakatazwa, na mashine ya kushona pia. Polepole, kabla mpunga haujavunwa, macho yakapatana.

Alipokuwa bado amelazwa hospitalini, nilikwenda kumtazama, nikamuuliza, "Siku ile uliona wake wawili?"

"Niliona."

"Nani alikuwa muzuri zaidi?"

Akafikiri sana. "Sikujua. Wote wawili walikuwa wananicheka."