Ndege Iliyotua Kabla ya Kufika

"Mie nimeisikia ikitua, Khatib. Hebu toa kichwa kwenye hiyo redio ukafungue mlango, watu wasije wakakaa juani bure."

Khatib, aliyepokea habari za ndege pale kiwanja cha Chake, akamjibu Bi Kijakazi kuwa ndege ya Tanga ndiyo kwanza inanyanyuka huko, na kama masikio yamemzidi akayatie pamba. Bi Kijakazi akasema basi na mbuzi nao watiwe pamba, maana wametimka wote uwanjani.

Ni kweli, walitimka. Majani yakalala kama yalalavyo ndege ikishuka. Uwanja ulikuwa mtupu.

Bi Kijakazi hakuwa mtu wa kuota mchana. Tokea Mapinduzi yalipopita akipika chai na muhogo ubavuni mwa kiwanja, na safari ya Tanga aliijua kwa sufuria yake: Khatib akisema imeondoka, yeye anabandika maji, chai ikichujwa, watu wanashuka. Bahari ni ndefu kwa mwenye ngalawa. Kwa ndege ni chai moja. Siku ile maji hayajapata hata moto.

Na ndegeni alikuwemo kaka yake, Matano, anarudishwa kutoka hospitali. Walikuwa hawasemi. Matano alikopa kwake pishi ya mbegu ya mpunga, akapanda, akavuna, akala na wageni, mbegu hakurudisha. Bi Kijakazi akaapa mbele ya watu wa kijijini kwao Kiuyu kuwa hasamehi. Sasa kaka kabaki ngozi na mifupa, na yeye yupo pale kumpokea, mdomo kaukaza, hajui aanze na neno gani.

Ndipo aliposikia kisogoni mwake: "Kija."

Hakuna aliyemwita hivyo ila Matano. Akageuka, hapana mtu. Akafanya kama alivyofunzwa na mama yake: usiyemwona akikuita, usimwitike ya kwanza, ngoja ya pili, ngoja ya tatu, maana asiye mtu hakariri. Akang'ata ulimi, akangoja. Ya pili haikuja. Chai ilifurika ikauzima moto, naye kasimama tu.

Kisha ndege ikaja, ikatua kwa kishindo chake chote. Mbuzi walikwisharudi kando ya uwanja. Hata mmoja hakuinua kichwa.

Hija, mtoto wa Matano, alishuka wa mwisho, peke yake.

"Shangazi, baba katutoka. Tulikuwa juu ya bahari. Kainua kichwa, kakuita."

"Mara ngapi?"

"Moja tu. Pumzi ya pili hakuipata."

Kabla jua halijatua, jeneza lilikuwa mlangoni Kiuyu. Shehe akauliza kama ada: anayemdai marehemu aseme na warithi, au amsamehe.  Ndani, wanawake waliokumbuka kile kiapo wakamtazama Bi Kijakazi. Akajipenyeza katikati yao mpaka kwenye pazia.

"Abee, kaka," akasema. "Mbegu nimekusamehe."

Wanaume wakalinyanyua jeneza.