Siku Niliyoigiza Kiti cha Pweza Ukweni

Jamani, aibu hii mke wangu huisimulia kila tukipata wageni, kwa hiyo bora mnisikie mimi kabla hajaitia chumvi.

Enzi za Mwingereza nilikwenda Tanga kukata mkonge, halafu nikapata kazi ya kumbebea ndoo Mzungu mmoja aliyekuwa akichunguza viumbe vya baharini, maji yakipwa tunaingia mpaka magotini tunaokota, na huko ndiko nilikomjua kiti cha pweza, yule mnyama mwenye mikono mitano kama nyota. Niliporudi kwetu Shelui nilikuja na mmoja mkavu, na siku ya kwenda kumposa Mariamu nikamtia mfukoni. (Kwa nini? Majivuno tu!)

Sasa, kwetu kijana anayeposa hasemi. Anayesema ni mshenga, wewe unainamisha kichwa hata ukiumwa na siafu. Mshenga wangu, baba mdogo Msengi, alikuwa anaongea vizuri kweli, mpaka Mzee Kiula, baba yake Mariamu, akauliza mfukoni nina nini. Nikamtoa mnyama wangu. Mzee akamgeuzageuza.

"Na huyu naye anazaa?"

Baba mdogo akanikanyaga mguu. Mimi huyo, nikafungua mdomo!

"Anazaa, baba, ila dume na jike hawagusani. Majike wanamwaga mayai majini, madume wanamwaga mbegu, wote wakati mmoja, vinakutana hukohuko, vitoto vinachukuliwa na maji."

Wazee wote macho chini. Badala ya kukaa nikadhani hawajaelewa (Mungu wangu!), nikasimama niwaonyeshe anavyojiinua kwa ncha za mikono akiwa anamwaga, nikapanda juu ya vidole vya miguu, mikono nimeitanua, mwili mzima nautetemesha, na hapohapo mama mkwe akasukuma mlango na bakuli la mlenda.

Mkwe ambaye sikutakiwa hata kumtazama usoni! Akapiga yowe, bakuli likamponyoka, mlenda wote ukaishia kwenye koti la baba mdogo, tena koti la kuazima.

"Tokeni," akasema Mzee Kiula. "Binti yangu haendi kwa mwendawazimu."

Machozi yalinilenga. Mariamu nilimpenda, na nilijua kuna mchimba dhahabu wa Sekenke anayeomba nikosee tu.

Tumefika mlangoni, bibi yake Mariamu aliyekuwa anaota moto pembeni akaniita, "Wewe mume wangu, rudi hapa!" (Bibi ana ruhusa ya utani, hata ukweni.) "Hebu niambie, jike akimwaga peke yake?"

"Hapati kitu, bibi. Mayai yanapotea."

"Na dume peke yake?"

"Naye hapati kitu."

Bibi akamgeukia Mzee Kiula. "Umesikia, mwanangu? Binti yako mkubwa karudishwa hapa, ati hazai, na mumewe hakuna aliyemwuliza neno. Leo amekuja anayejua kuwa mtoto ni wa wawili, nawe unamfukuza?"

Kutoka jikoni tukasikia mtu analia, na haikuwa sauti ya Mariamu. Mzee Kiula akakaa. Akajifuta uso kwa kiganja, kisha akasema, akimwangalia baba mdogo, "Leteni kwanza mbuzi wa kumwomba mama yao radhi. Mengine tutaongea."

Mbuzi nilimpeleka, Mariamu nikampata. Ila niliapa: ukweni nikiulizwa hata kama kwetu mvua imenyesha, namwachia mshenga ajibu.