Masufuria ya Kikundi Nyumbani kwa Hilaria

Hapa kambini kwetu Ngombezi, ukionekana unajua kupanga vitu, umekwisha. Mtazameni jirani yangu Hilaria, ambaye nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ukuta mmoja tu. Kwake ni kama kwangu, chumba na sebule, kama walivyojengewa babu zetu waliokuja kukata mkonge. Humo ndani wanaishi watu watano: yeye, mumewe Simeo anayefanya kazi korona, kule ambako mashine husaga majani ya mkonge, binti yao Upendo wa kidato cha nne, na wadogo zake wawili.

Hilaria huanika singa, zile nyuzi za mkonge, na hata akirudi nyumbani mikono yake haitulii. Kitanda chake amekiinua kwa matofali, chini yake yanakaa magunia ya mahindi na ndoo za maharage. Ile miti ya mkonge iliyokauka, ambayo sisi tunaipikia, yeye ameilaza juu ya kuta akapata dari la kuwekea masanduku na nguo za sikukuu. Nyuma ya mlango ametundika kiroba alichokishonea mifuko ya viatu. Hata mwiko una msumari wake. Sebuleni, kona ya dirishani, pakabaki nafasi ya kitanda cha Upendo na ubao wa kusomea unaokunjwa ukutani. Mwanamke yule alikuwa ameishinda nyumba.

Basi kikundi chetu cha kufa na kuzikana, Waislamu na Wakristo sote humo, tukakutana kuamua vyombo vya msiba vikae wapi. Mwenyekiti wetu, Bi Filomena, ana nyumba ya vyumba vinne kule barabarani, na kimoja hakina hata kiti. Yeye huyo ndiye aliyesimama akasema vipelekwe kwa Hilaria, kwa sababu Hilaria anajua kupanga. Tukapiga makofi. Akili gani hiyo? Mtu kahangaika apate pa kupumulia, sisi tunasema kumbe kwake kuna nafasi. Na angekataaje? Kukataa vyombo vya msiba huku kwetu ni sawa na kutangaza kwamba ukifiwa tusije.

Yakaja masufuria manne ambayo mtoto anaweza kuoga ndani yake. Yakaja majamvi, turubai na sahani mia mbili. Kisha watu wakazoea. Huyu akaleta cherehani mbovu, yule mabati yaliyobaki kwenye ujenzi, kila mmoja akisema ni wiki moja tu. Kitanda cha Upendo kikafunguliwa, mbao zikapanda darini, msichana akawa analala kwenye mkeka katikati ya sahani za watu. Ubao wa kusomea haukufunguka tena, kwa kuwa turubai lilikuwa limeuegemea. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Mwezi wa nane kikundi kikanunua viti hamsini vya plastiki. Bi Filomena alimpigia Hilaria simu kumwarifu tu kwamba vinakuja kwake, wala hakumwomba. Siku hiyohiyo Simeo, mtu mpole kupita kiasi, akaamua Upendo ahamie kwa bibi yake Magoma, na huku mtihani wa taifa umebakiza miezi mitatu. Upendo hakubisha. Alikusanya madaftari yake, akaja kuniaga.

"Shikamoo mama Yusuph, mimi nakwenda Magoma. Nyumbani kila kitu kina mahali pake, mimi ndiyo sina."

Hilaria alikuwa nyuma yake, akasikia. Alimgeukia mumewe aliyekuwa amesimama mlangoni kwao.

"Mwanangu aondoke, masufuria yabaki?"

Simeo alikwenda kutafuta guta la mizigo.

Tulipakia kila kilicho cha kikundi, na mimi nikalifuata lile guta kwa miguu nikimsema Bi Filomena njia nzima. Hilaria alipanga vyombo mwenyewe katika kile chumba kitupu, vizuri kabisa, masufuria chini na sahani juu. Bi Filomena akasimama mlangoni akamwuliza kama anajua siku moja na yeye atakufa.

"Najua," alisema Hilaria. "Siku hiyo masufuria mtayakuta hapa hapa kwako."

Tuliporudi akaanza kutoa vya watu binafsi. Mimi nilisimama nje nikiwaita wenye mali kwa majina, tena kwa sauti, waone haya. Cherehani ikachukuliwa. Mabati yakachukuliwa. Halafu Hilaria akatoka amekumbatia gunia la kunde, akaliweka miguuni pangu.

"Na hili lako, mama Yusuph."

Lilikuwa kwake tangu mavuno ya mwaka jana. Nililibeba, nikalisukuma chini ya kitanda changu. Likaingia lote, na nafasi nyingine ikabaki. Upande wa pili wa ukuta Simeo alikuwa anagonga misumari kwenye kitanda cha Upendo.