Dada yangu yuko porini, na mhubiri akaniambia nifurahie habari za dunia

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Mimi humu ni msomaji wa kimyakimya. Nimesoma mnavyobishana kuhusu vita, nani atashinda, dalili za mwisho na kadhalika. Leo na mimi niseme langu. Limenipata mwenyewe, chumvi sijatia. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Kiswahili changu ni cha Mocímboa da Praia, Cabo Delgado. Kina Kireno ndani, mnivumilie.

Mimi ni mwalimu wa kike wa shule ya msingi, profesora kama tunavyoitwa huku. Mmakonde, Mkatoliki wa kuzaliwa. Nina mdogo wangu wa kike, nimwite Verónica, fundi cherehani pale sokoni. Mbishi huyo! Kwenye kwaya alikuwa anaimba kwa nguvu mpaka wenzake wanamkanyaga mguu apunguze.

Mji ulipovamiwa na waasi, kila mtu alikimbia alikoelekea uso wake. Mimi nilipita mikokoni na wanangu, tukatoka. Verónica alipita upande wa barabara. Watu waliwaona waasi wanamsukuma pamoja na wanawake wengine kuelekea mato, yaani porini.

Basi. Mpaka hapo.

Tukaishi ukimbizini, kwenye mahema, huku tunaitwa deslocados, waliohama makwao, kama vile ndilo kabila letu. Baadaye serikali ikasema rudini, hali imetulia. Tukarudi. Nyumba haina bati, kanisa limebaki kuta nyeusi.

Ndipo nikashikwa na ugonjwa wa habari. Redio asubuhi, simu mchana, bando likiisha naazima simu ya jirani. Nilikuwa natafuta neno moja tu kuhusu wale waliochukuliwa.

Nilisikia yote wakuu. Miji inapigwa mabomu huko mbali, mafuriko, wakubwa wanatukanana. Huku kwetu tulitajwa pale tu habari ilipokuwa ya gesi inayochimbwa mkoani kwetu. Gesi ikisimama, dunia nzima inahangaika. Maisha ya Verónica yaliposimama, hakuna aliyekatiza hata kipindi cha muziki.

Sasa Jumapili moja akaja mhubiri mgeni. Kijana nadhifu, viatu vinang'aa. Tumekaa ndani ya zile kuta, jua linatupiga utosini. Akataja vita vyote vya dunia kama mtu anayetangaza matokeo ya mpira, halafu akatabasamu.

"Furahini ndugu zangu! Haya yote ni dalili kwamba Bwana yu karibu!"

Niliinuka.

"Ndugu, una dada?"

"Ninaye, mama."

"Yuko wapi?"

"Nampula. Mzima, namshukuru Mungu."

"Wangu yuko mato. Nenda kamwambie yeye afurahi."

Nikatoka. Hakuna aliyenifuata. Tangu siku hiyo sikurudi, na nyumbani pia nikaacha kusali. Nikifumba macho naona yale meno yake tu.

(Sisemi kijana yule alikosea Maandiko, msianze kunirushia mistari. Nasema kuna maneno ya kweli ambayo ukiyasema huku unacheka yanageuka tusi.)

Muda ukapita. Siku moja ikasemekana tropa, wanajeshi, wametoa wanawake porini na wamewaweka kwenye kituo. Sikungoja redio ithibitishe. Nilikwenda.

Niliwapitia uso kwa uso. Verónica hakuwemo.

Nikasimama katikati nikaita jina lake kwa sauti, kama kichaa. Msichana mmoja aliyejiinamia ukutani akanyanyua kichwa.

"Dada, unamuulizia Verónica yupi? Yule fundi? Mwenye sauti?"

Nilikaa chini palepale.

Nimwite Awa. Ni Mwislamu, mtoto wa wavuvi kutoka kisiwa cha Macaloe. Alikuwa na mimba kubwa, na hakuna haja ya kuniuliza ya nani.

"Tulikuwa tunalala pamoja," akaniambia. "Alikuwa ananishika mkono. Mimi nilitaka kujitupa mtoni, dada. Akanikataza. Akasema, Awa, Mungu anatuona. Nikamwuliza, anatuona, halafu?"

"Akasemaje?"

"Akasema, halafu sijui. Lakini hawa wamenichukua nyumbani kwetu, wamenichukulia mwili wangu. Mungu siwapi."

Wakuu, nililia kilio ambacho nilikuwa sijakilia tangu siku ile ya mikoko.

"Yuko hai?"

"Walitutenganisha. Siku ile alikuwa hai, anachechemea mguu. Zaidi ya hapo nitakudanganya."

Nilimshukuru kwa kutonidanganya.

Tukampigia simu mjomba wake. Alisikiliza, akasema, "Sisi huyo tulishamsomea hitima," akakata. Awa hakutoa chozi. Alifunga tu kanga yake vizuri.

Nikamchukua kwangu. Ningefanya nini?

Msidhani nilipigiwa makofi. Mama Filomena, kiongozi wa kwaya yetu, ambaye mwanawe aliuawa na hao hao, alinikuta kisimani.

"Profesora, umeingiza damu ya wauaji ndani ya nyumba yako."

"Mama, hiyo damu haijazaliwa bado. Imemuua nani?"

Akatema mate chini akaondoka. Nami simlaumu. Maumivu yake nayajua, ni ndugu wa maumivu yangu. Hadi leo hanisalimii, na tunakaa kanisa moja.

Ndiyo, nilirudi kanisani. Awa alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye njaa muda wote. Asubuhi yeye anaswali chumbani kwake, mimi nasali jikoni, na mtoto anatupigia kelele sote wawili bila ubaguzi.

Sasa mtasema, tumaini liko wapi?

Mimi nilidhani tumaini ni kusubiri habari njema. Siku watakayotangaza kwamba vita vimekwisha, ndipo nitaamini tena. Hiyo siku haijafika, na redio jana imesema mabaya kuliko ya juzi. Lakini pale porini hapakuwa na mwandishi wa habari. Hakuna aliyeandika kwamba mwanamke Mkristo, mgonjwa wa mguu, alimshika mkono binti wa Kiislamu asife. Lilitokea hata hivyo. Na huyo binti yuko hapa nyuma yangu, anakuna nazi.

Yesu naye alilia msalabani akimwuliza Baba mbona kamwacha. Hakutabasamu. Na alipofufuka, alitoka na makovu yake. Mungu wa namna hiyo naweza kukaa naye chumba kimoja. Yule wa kijana wa viatu, hapana.

Nililojifunza ni hilo tu, na limenigharimu. Verónica hajarudi. Sijui kama atarudi. Sitamsomea misa ya wafu mpaka nijue.

Uwanja ni wenu wakuu. Mwenye maneno ya "kila jambo lina sababu yake" naomba apite kimya. Ila kama kuna mtu humu anamsubiri wake na hana taarifa, aniambie: unasalije?

Mimi nasali kwa hasira. Mpaka sasa sijakatazwa.