Mashine Zilizohitaji Mshenga

Sipendi watu wa katikati. Nimezaliwa Kansay, nikasoma Karatu mjini, na Karatu vitunguu haviuzwi bila dalali, kiwanja hakipatikani bila dalali, na dalali mwenyewe ukimtafuta unaambiwa umwone kwanza msaidizi wake. Ukitaka kuongea na mtalii, lazima umjue mtu anayemjua dereva wake. Nilikua nikiwachukia wote kwa usawa, na nilipopata cheti changu cha kompyuta nilijiapiza kwamba maisha yangu yote nitajisemea mwenyewe.

Kwa kiapo hicho nikaenda kuwa fundi wa kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi huko Sale, upande wa pili kabisa wa Ngorongoro. Hapo nikampenda mwalimu wa mapokezi ya hoteli, binti wa mfugaji wa Enguserosambu, mwanamke mwenye kicheko cha kumfanya mtu asahau alichokuwa anakitengeneza. Naye akanipenda. Tulipokubaliana kuoana, sikupoteza muda. Jumamosi iliyofuata niliazima pikipiki, nikaenda kwao peke yangu, nikamkuta baba yake amesimama karibu na zizi.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kukuomba binti yako nimuoe."

"Marahaba," alijibu, kisha akamtazama ndama mmoja aliyekuwa akichechemea. "Kansay mvua imenyesha?"

Nikasema imenyesha. Akauliza mahindi, nikasema yamesimama vizuri. Tukanywa chai ya maziwa, akanisindikiza hadi kwenye pikipiki, basi. Nilirudi mara ya pili, akaniuliza habari za ngano. Mara ya tatu alitaka kujua bei ya mbaazi. Nilijua mbaazi zinauzwaje kila mnada wa wilaya ya Karatu, lakini sikujua kama nina mchumba.

"Umetuma mtu?" mwalimu wangu aliniuliza.

"Nitume mtu wa nini? Kwani mimi si mtu?"

Alicheka sana, akaniambia kimya kingi kina mshindo mkuu, akaenda darasani. Mimi niliona nimedharauliwa. Nilijiambia kwamba mzee huyu haoni faida ya mkwe asiye na ng'ombe, mkwe wa waya na plagi, na kwamba siku akiona kazi ya mikono yangu ataongea. Bahati nzuri, au mbaya, mzee huyohuyo alikuwa mwenyekiti wa bodi ya chuo, na bodi ilikuwa inakuja kuzindua darasa jipya la kompyuta. Darasa hilo lilikuwa la mchumba wangu, kwa ajili ya wanafunzi wake wa mapokezi. Mashine zikiwaka mbele ya baba yake, nimeoa. Zisipowaka, nitabaki na bei za mbaazi.

Hazikuwaka.

Nieleze kidogo. Mashine zetu hazina diski. Ndani ni tupu kama debe la mafuta lililokwisha, na ukiiwasha moja haijui hata anwani yake. Kitu cha kwanza inachofanya ni kupiga kelele kwenye waya: jamani, nani atanipa anwani, nani ana chakula changu? Seva, yaani ile kompyuta kubwa iliyokaa ofisini kwangu katika jengo la zamani, ikisikia inajibu, inaipa anwani na kuionyesha faili la kuamkia. Katika darasa la zamani kazi hiyo ilichukua dakika moja, na wanafunzi walidhani ni uchawi wangu. Sikuwahi kuwakatalia.

Darasa jipya lilijengwa ng'ambo ya korongo. Mkandarasi kutoka Arusha alichimbia waya chini ya daraja la miti, akaweka ruta katikati, yaani kifaa cha kupitisha habari kati ya mtandao na mtandao, akakigawa chuo katika mitandao midogo miwili, kila jengo na namba zake. Akapiga picha, akaondoka. Tangu siku hiyo, kila mashine iliyowashwa ng'ambo ilionyesha kioo cheusi, maandishi meupe, nukta chache zikatambaa, halafu ujumbe kwamba hakuna aliyejibu.

Nilibadilisha waya. Kusema hivyo ni rahisi, lakini waya ulikuwa stoo, na stoo ilikuwa na mtunza stoo, mzee mmoja mnene wa Enguserosambu aliyekaa nyuma ya daftari na rula kama mtu anayelinda mpaka wa nchi. Bila fomu hupati hata msumari. Kifaa, idadi, matumizi, tarehe ya kurudishwa, sahihi. Akishapokea fomu anapiga mstari kwa rula, anapuliza wino, ndipo anainuka, naye haikuwa kawaida yake kuinuka haraka. Kati yangu na waya ambao niliuona kwa macho yangu kwenye rafu, alisimama binadamu huyu. Nilimwita dalali wa nyaya, na si kwa sauti ya chini.

Nilibeba mashine moja kichwani, nikavuka nayo daraja hadi darasa la zamani. Ikaamka vizuri. Nikairudisha ng'ambo, ikawa maiti. Nikabeba nyingine, ikawa hivyohivyo. Wanafunzi waliponiona nikipita na kompyuta kichwani kwa mara ya nne walianza kunisalimia kwa upole, kama mtu aliyefiwa.

Mkuu wa chuo, mtu mwema anayeamini kwamba hakuna tatizo lisiloweza kushindwa na kikao, aliunda kamati. Kamati ilikuwa na watu saba, akiwemo mwalimu wa useremala na mpishi mkuu. Walitembelea darasa jipya, wakagusa mashine, mmoja akainusa. Taarifa yao ilipendekeza mapazia, kwa kuwa jua la asubuhi linaweza kuwa linazichosha kompyuta. Mapazia yaliwekwa, ya bluu, na ni lazima nikiri kwamba yalipendeza.

Siku ya bodi ikafika. Palikuwa na kwaya, bango, na utepe. Mwenyekiti alikata utepe, akaingia, akaombwa abonyeze swichi kuu. Mashine ishirini zikawaka taa kwa pamoja, watu wakapiga makofi, nukta zikatambaa kwenye vioo ishirini, na mashine ishirini zikaripoti kwamba hakuna aliyejibu. Kwaya ilikuwa bado inaimba.

Nikajitokeza mbele. "Mzee, mashine ni nzima. Zinaita, ila seva haizisikii."

Akatazama dari. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Akatazama mapazia. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya ugoro wake, lakini ilikuwa kama nimesema kutoka Kansay.

Mtunza stoo alikuwa pembeni, daftari kwapani. Akakohoa. "Mwenyekiti, fundi anasema mashine ni nzima. Zinaita, ila seva haizisikii."

"Ahaa," mzee akasema. "Sasa nimeelewa. Mwambie afanye zisikike. Tutarudi baada ya wiki mbili."

Maneno yaleyale! Hata koma hakubadilisha. Mchumba wangu alikuwa mlangoni ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Nilitoka nje nikapiga teke ndoo ya mwashi, nikaumia kidole, na hasira yangu ikapata sababu ya pili.

Kesho yake asubuhi nilikwenda stoo kuomba waya mwingine, kwa kuwa sikuwa na wazo lingine. Wakati mzee mnene anapiga mstari wake kwa rula, nilimuuliza kwa uchungu kwa nini mwenyekiti anamsikia yeye na hanisikii mimi.

"Mimi na yeye ni rika moja," alisema bila kuinua kichwa. "Na wewe na mimi ni wafanyakazi wa chuo kimoja. Huku nina mguu, na kule nina mguu. Wewe unapiga kelele tu."

Nilisimama pale na fomu mkononi. Unapiga kelele tu. Mashine zangu zilikuwa zinapiga kelele tu! Na ruta kwa desturi yake haivushi kelele. Kelele za jengo hili huishia jengo hili, la sivyo mitandao yote duniani ingekuwa soko la ndizi. Kinachovuka ni neno lililobebwa na mtu anayejua anapolipeleka, na mtu huyo alikuwepo siku zote: ruta yenyewe, mguu mmoja jengo jipya, mguu mmoja jengo la zamani. Ila ilikuwa haijaambiwa. Nilikimbia nikaacha waya wangu kaunta, kosa ambalo liliandikwa kwenye daftari.

Ndani ya ruta kuna kipengele cha kazi hiyo hasa, na kwa Kiingereza kina jina la zile mbio za kupokezana vijiti. Unaiambia: ukisikia mtoto mchanga analia upande huu, chukua neno lake, mpelekee seva fulani, kwenye anwani fulani. Nikaandika anwani ya seva, nikahifadhi, nikavuka daraja mbio, nikawasha mashine moja.

Kioo cheusi. Nukta. Hakuna aliyejibu.

Nilikaa kwenye kiti cha mwanafunzi chini ya pazia la bluu nikahisi nimekwisha. Sioni aibu kusema hivyo. Kwa muda mrefu nilifikiria kurudi Kansay kulima. Kisha, kwa ukaidi tu, nikarudi ofisini kusoma kumbukumbu ambazo seva huandika kila inapoongea na mtu. Na hapo nikakuta kitu kilichonisisimua mwili. Seva ilikuwa imesikia. Mstari baada ya mstari: ombi limepokelewa, anwani imetolewa, ombi limepokelewa, anwani imetolewa. Ilikuwa inajibu kila mara, kwa uaminifu, na jibu lilikuwa halifiki popote.

Nilitafuta wa kumlaumu, nikaanza na mkandarasi. Lakini mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilipoisimika seva mwaka uliotangulia, kulikuwa na sehemu ya kujaza lango, yaani njia ya kupitishia majibu ya watu wa mbali. Niliiacha wazi. Nakumbuka hata nilichofikiri: lango la nini, wote tuko jengo moja, wataongea moja kwa moja. Kiapo changu kilekile, nimekiweka hadi ndani ya mashine.

Nilijaza lango. Namba moja, kazi ya muda wa kupiga chafya. Niliporudi ng'ambo na kuwasha, nukta zilitambaa, zikasita, kisha kioo kikajaa rangi. Nikawasha ya pili, ya tatu, zote ishirini. Mchumba wangu alikuja akakuta darasa zima limeamka, na mimi nimekaa katikati nikifuta macho kwa pazia.

Nilikwenda stoo moja kwa moja. "Mzee wangu," nikasema, "nimekuja kuomba mshenga."

"Andika fomu."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Kifaa: mshenga. Idadi: moja. Matumizi: kupeleka neno Enguserosambu. Nikasaini. Akaisoma polepole, akanirudishia.

"Hujajaza tarehe ya kurudishwa. Umeandika nipeleke neno. Na la kurudi, nani analeta?"

Nikajaza, kwa mara ya kwanza bila kumwita jina lolote baya.

Bodi iliporudi mashine ziliwaka, mwenyekiti akatazama vioo ishirini, akamwambia mtunza stoo, "Mwambie ni vizuri," na kwaya ikapata nafasi ya kumaliza wimbo wake. Jumamosi iliyofuata tulikwenda, mtunza stoo mbele na asali na blanketi, mimi nyuma. Wazee hao wawili walisalimiana kwa muda wa kutosha kuchemsha chai. Kisha tukakaa, magoti yangu na ya mzee yakikaribia kugusana, na mshenga wangu akasema ombi langu. Lilikuwa neno lilelile nililolisema mimi miezi minane nyuma, hata hakulipamba.

Mzee akamgeukia mwenzake.

"Mwambie nilimsikia tangu siku ile ya kwanza, akiwa na vumbi la pikipiki hadi kwenye kope. Nikakubali siku hiyohiyo. Lakini jibu la binti halikabidhiwi mkononi mwa anayemwomba. Alikuja peke yake, akaondoka peke yake. Mara tatu. Ningemtuma nani?"

Miezi minane. Jibu langu lilikuwa limekaa pale zizini miezi minane, limekwisha kutolewa, na mimi nilikuwa Sale nikimtukana aliyelitoa. Nilipatwa na furaha na aibu kwa wakati mmoja, na sijui kipi kilinitoa machozi.

"Mzee, asan..." nilianza.

Akatazama pembeni, kwenye zizi, ambako yule ndama aliyekuwa akichechemea sasa alikuwa mtamba mnene.

Nikafunga mdomo. Nikamgeukia mtunza stoo.

"Mwambie nimesikia," nikasema.