Ukuta wa Ipogolo

Mwaka tuliojenga nyumba Ipogolo, chini ya mlima, miaka ile ya hamsini, nilikuwa na mimba ya kwanza. Tulipanga chumba kwa mama mmoja mkorofi, na alishasema wazi kwamba kwake hazaliwi mtoto. Kwa hiyo nyumba ile niliililia usiku na mchana.

Kuta zilikuwa zimepita madirisha, za matofali mabichi, na mawingu yalishaanza kukusanyika. Mvua ikiyakuta matofali hayo hayajaezekwa, unabaki na tope. Ndipo mume wangu, fundi cherehani asiyevumilia pindo lililokwenda upande, akasimama barabarani, akafumba jicho moja, akasema ukuta umeinama. Ubomolewe.

Mwashi akaapa kwamba pimamaji yake haina kasoro. Mume wangu akamjibu kuwa pimamaji huharibika, macho yake bado mazima. Akawaita wenzake wa msikitini, watu wa pwani kama yeye, waliokulia kwenye ardhi tambarare. Wakasimama barabarani, wakalaza vichwa upande mmoja, wakaafiki. Nilitamani kuwarushia udongo.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hata mimi niliuona umeinama. Lakini mimi ni mzaliwa wa milimani. Kwetu mfereji wa shamba hupita ubavuni mwa mlima, na ukiutazama kutoka bondeni utaapa kwamba maji yanapanda. Penye mteremko hatuyaamini macho. Na nyuma ya ukuta wetu mlima wote ulishukia upande mmoja.

Nikamwambia mwashi aweke karai juu ya ukuta, alijaze maji hadi ukingoni. Maji yakakaa sawa pande zote, hakuna tone lililomwagika. Mume wangu akapanda ngazi, akayakagua, akashuka. Akarudi barabarani kutazama tena.

"Bado naona umeinama," akasema.

"Na karai je?"

"Karai nalo naliona limeinama."

Wenzake wakacheka. Nilipandwa na hasira, halafu machozi yakanitoka mbele za watu, jambo ambalo sikulizoea.

"Hata mimi naona hivyo hivyo, bwana," nikamwambia. "Lakini haujainama."

Akanitazama usoni, kisha tumboni. Akamgeukia mwashi.

"Leta nyasi. Ezeka."

Binti yetu alizaliwa humo, mvua ikinyesha. Ukuta ule mume wangu hakuwahi kuuona umenyooka. Kila akirudi kutoka msikitini wenzake walimtania, naye aliingia ndani kula. Alinifanyia mengi mema tulipoishi pamoja, na mengi nimeyasahau. Hili sijalisahau: mtu aliyepata riziki kwa macho yake aliezeka nyumba aliyoiona imepinda, ili mimi nipate pa kujifungulia.